Kati ya Mkono na Asilimia

Mashine ilinishika saa nane na dakika kumi mchana, Jumanne ya mwisho ya Agosti 2022. Dakika naijua kwa sababu nilikuwa nimetoka tu kuitazama saa ya ukutani, nikihesabu muda uliobaki zamu iishe. Tulikuwa tunabana vifuniko vya mikebe ya rangi katika kiwanda kimoja chini ya Likoni Road, Eneo la Viwanda, Nairobi. Kifuniko kikakaa upande. Nikapeleka mkono wa kulia kukinyoosha, kama nilivyokwisha kufanya siku nyingi, na mguu wangu ukakanyaga pedeli.

Ile mashine ilikuwa na kinga yake ya chuma, ya kuziba mdomo ili mkono usifike. Ilikuwa imetolewa tangu Juni kwa kuwa inachelewesha kazi, ikaegemezwa ukutani, nasi tukawa tunatundika leso zetu juu yake. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka mashine ya namna ile ifunikwe. Siku hizo sikuwa najua kama kuna sheria yoyote. Nilijua hesabu ya mikebe tu.

Mifupa miwili ya kiganja ilivunjika, ule wa kidole cha kati na ule wa kidole cha pete. Ngozi ya mgongo wa mkono ikapasuka. Nilipelekwa hospitali kwa gari la kampuni, na hilo nawashukuru. Nikapasuliwa, nikawekwa nyaya za kushikilia mifupa, kisha plasta hadi karibu na kiwiko. Wiki sita. Nilikaa nyumbani Jericho nikiwa nimening'iniza mkono shingoni, binti yangu akiniosha, akinipikia, akinifunga vifungo vya blauzi kabla ya kwenda shule. Alikuwa darasa la saba.

Plasta ilipokatwa katikati ya Oktoba, ngozi ilitoka mabamba kama maganda ya kitunguu. Vidole vinne vilikuwa vimenyooka vyote, vimevimba, vinang'aa. Niliviambia vikunjike, havikusikia. Daktari aliinua picha dhidi ya dirisha, akaitazama, akasema, "Mfupa umeshika vizuri sana, mama. Umepona." Akaandika.

Jioni hiyo nilisimama mlangoni kwangu na ufunguo mkononi, nikashindwa kufungua kufuli. Nilimngoja binti yangu nje, nimekaa kwenye kijukwaa cha mama mboga, nikiwa nimeandikiwa kwamba nimepona.

Nataka nilikazie neno hilo, kwa maana ndilo lililotaka kunimaliza. Katika makaratasi ya kampuni, mfupa ukishika, habari imekwisha. Mshahara wa mwezi wa kwanza wa kuumia nililipwa. Wa pili ulikuja nusu. Wa tatu haukuja, na nilipopiga simu nikaambiwa, "Si daktari amesema urudi?" Nilirudi. Nikapewa kazi ya kubandika karatasi kwenye mikebe, na kwa saa mbili nilibandika mikebe kumi na mmoja. Msimamizi alinitazama kwa huruma, akanirudisha nyumbani. Alikuwa kijana mwema, hakuwa na la kufanya.

Mwisho wa Novemba nilikwenda katika hospitali ya umma huku kwetu Eastlands kuonyesha kovu lililokuwa likiniwasha. Muuguzi hakulitazama kovu sana. Aliniambia nifunge ngumi. Nilipojaribu, aliguna. "Nani anakufanyia fizio?" Nikamuuliza fizio ni nini.

Alinipeleka mwenyewe hadi chumba cha mwisho cha veranda. Ndani kulikuwa na vitanda viwili vya ngozi nyeusi iliyochanika pembeni, baiskeli isiyokwenda popote, mipira, na mwanamke mfupi wa makamo aliyevaa raba. Ukutani palining'inia cheti chake cha usajili kutoka kwa Baraza la Fiziotherapia, lile lililoundwa na sheria ya mwaka 2014. Nilimwita daktari. Akanisahihisha kwa upole kwamba yeye si daktari, ni mtaalamu wa tiba ya viungo, nimwite dada. Kisha akavuta kiti, akauchukua mkono wangu, akaulaza juu ya magoti yake na kuutazama kwa muda mrefu bila kusema. Tangu Agosti watu wengi walikuwa wameitazama picha ya mkono wangu. Mkono wenyewe hakuna aliyekuwa ameushika muda mrefu hivyo.

Alitoa rula ya plastiki yenye mikono miwili, inayofunguka kama mkasi, akaiweka juu ya kila kifundo cha kila kidole na kusoma nyuzi. Kifundo cha kati cha kidole cha kati: nyuzi 30. Kifundo kizima, akaniambia, hukunja karibu 100. Akanipa chombo cha chuma cha kuminya. Mkono wa kushoto ulisukuma sindano hadi kilo 26. Wa kulia, kilo 3. Alinitajia kila namba kabla ya kuiandika, na akanitaka na mimi nije na daftari langu niwe naandika.

"Ulitakiwa kuja lini hapa?" aliniuliza.

Nikasema leo ndiyo mara yangu ya kwanza kusikia.

"Ungekuja wiki ile ya kwanza, ukiwa bado na plasta. Vidole vilikuwa nje ya plasta, si ndiyo? Vingesogezwa, vikainuliwa juu uvimbe ushuke. Sasa kano zimegandamana na kovu. Tutazibandua, lakini itauma na itachukua miezi."

Sikumwelewa vizuri siku ile. Nimekuja kuelewa baadaye. Kano ni kamba, na kamba hiyo hupita ndani ya ala yake ikiteleza. Mwili ukijeruhiwa humwaga kitu cha kuunganisha, na kitu hicho hakichagui: huunganisha mfupa na mfupa, jambo zuri, na pia huigundisha kamba kwenye ala yake. Kisichosogezwa hugandishwa. Plasta inayouponya mfupa ndiyo hiyo hiyo inayokifunga kifundo. Ndiyo maana nasema tiba ya viungo si kitu cha kuongezewa mgonjwa baadaye, kama sukari kwenye chai. Ilikuwa ianze siku zile zile alipokuwa akinishughulikia mpasuaji.

Nilikwenda mara mbili kwa wiki. Kwanza ilikuwa nta. Alikuwa na beseni la umeme lenye nta iliyoyeyuka, inayonuka mshumaa. Unachovya mkono, unautoa, nta inaganda, unachovya tena, mara nane au tisa, hadi mkono unavaa glavu nyeupe nene. Anaufunga kwa mfuko wa plastiki na taulo, unakaa dakika 20. Joto linaingia hadi ndani ya mfupa. Kisha glavu inavuliwa nzima nzima na kurudishwa kuyeyushwa, na hapo ndipo kazi inaanza: anashika kifundo kimoja kwa vidole vyake viwili, anakisukuma taratibu hadi mwisho wake, anakishikilia pale, na kukuambia upumue. Nimezaa mara mbili. Nasema kweli, siku nyingine maumivu yale yalinikumbusha leba.

Nyumbani alinipa kazi za jikoni. Asubuhi, beseni la maji ya moto na kitambaa cha kukamua. Mchana, kuchambua maharagwe punje moja moja kwa kidole gumba na kila kidole kwa zamu. Jioni, kubana vibanio vya nguo kwenye kamba na kuvibandua. Na Jumapili, kukanda unga wa chapati. Chapati zangu za Desemba hiyo zilikuwa ngumu kama soli, binti yangu akazila zote bila neno.

Nauli na ada ya kila kikao zilitoka mfukoni mwangu, mfuko usio na mshahara. Nilianza kuwaosha watu nguo kwa mkono mmoja na nusu. Dada wa fizio aliponiona ngozi imechubuka akaniuliza, nikamwambia. Akaacha kila kitu. "Uliumia kazini? Na WIBA yako?"

Ndivyo nilivyoingia katika sheria. WIBA ndilo jina tunaloiita sisi wote ile Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007, iliyoondoa ile ya kale ya wakati wa mkoloni. Tuliisoma kwa simu, mimi na binti yangu, tukisimama kwenye kila neno gumu. Mwajiri lazima awe na bima ya wafanyakazi wake. Akipewa habari ya ajali anapaswa kumwarifu Mkurugenzi wa usalama na afya kazini ndani ya siku 7. Mtu asiyeweza kufanya kazi kwa muda hulipwa mapato yake hadi miezi 12. Gharama za matibabu ni za mwajiri. Na anayebaki na ulemavu wa kudumu hupigiwa hesabu ya mapato ya miezi 96, kisha hupewa asilimia ya hesabu hiyo kulingana na ulemavu wake. Dai lazima lipelekwe ndani ya miezi 12. Mimi nilikuwa nimetumia minne.

Januari 2023 nilikwenda kwa miguu hadi Commercial Street, ofisi za usalama kazini. Kumbe ajali yangu haikuwa imeripotiwa. Afisa aliyenihudumia hakupaza sauti, alichukua fomu na kuanza kunijazia, na ndani ya wiki kadhaa kampuni ikaitika. Kuna watu walinishauri nitafute wakili badala yake, kama ilivyokuwa desturi ya mabroka kando ya mahakama. Lakini Mahakama ya Juu iliamua Desemba 2019 kwamba madai ya namna hii yaanzie kwa Mkurugenzi, si kortini, na nafurahi niliambiwa mapema kabla sijaweka saini mahali.

Sasa nifike mahali pagumu, ambapo nilitaka kuharibikiwa kwa mkono wangu mwenyewe.

Ilijulikana katika ploti kwamba nitapimwa asilimia. Mapato yangu yalikuwa shilingi 16,500 kwa mwezi. Mara 96 ni shilingi 1,584,000. Asilimia moja tu ya hapo ni shilingi 15,840, karibu mshahara wa mwezi mzima. Jirani yangu wa mlango wa tatu, mzee aliyestaafu reli, mtu ninayemheshimu kama baba na anayetembea kwa kuchechemea tangu mabehewa yalipombana miaka ya nyuma, alinijia jioni moja na kigoda chake. Alisema polepole, kwa mapenzi kabisa, "Mwanangu, hayo mazoezi yaache kidogo. Ukinyoosha vidole sasa unajinyang'anya. Acha wakuone ulivyo. Ukishalipwa, utanyoosha."

Si yeye pekee. Kila niliyemuuliza alisema hivyo. Walinihesabia: mkono ukiwa hivi ulivyo, labda asilimia 20. Hiyo ni shilingi 316,800. Nilikuwa na kodi ya miezi mitatu, karo, na deni la duka. Nilikaa wiki mbili bila kwenda fizio. Kitambaa nilikianika, maharagwe nikayapika bila kuyachambua. Sitaficha: nilikuwa nikiutazama mkono ukirudi kukakamaa na moyoni nafurahi.

Dada wa fizio alinipigia simu. Nilimwambia ukweli. Nilidhani atanigombeza. Aliniomba nije mara moja tu, bila malipo, nije na daftari.

Alipima tena. Kifundo kilichokuwa kimefika nyuzi 62 kilikuwa kimerudi 51. Aliandika, akazungusha 51 duara. Akanieleza kwamba kovu lina umri: katika miezi ya mwanzo ni laini na linaweza kuvutwa, kisha hukomaa na kuwa gumu. "Fidia itakungoja, ina miezi yake kisheria. Kovu halingoji. Ukirudi kwangu Agosti na pesa zako, nitakupa pole." Kisha akaniuliza swali ambalo hakuna mwingine aliyeniuliza, si daktari, si kampuni, si mabroka: kazi yako, hasa hasa, mikono inafanya nini? Nikasimama nikamwonyesha. Kuinua mkebe hivi. Kusukuma hivi. Kuzungusha hivi. Aliandika kila mkao na uzito wake. Kikao kilichofuata nilikuta amejaza maji chupa za plastiki, nusu kilo, kilo moja, kilo mbili, amezipanga juu ya meza iliyoinuliwa kufikia kimo cha meza yetu ya kiwandani. Akaanza kunifundisha kazi yangu upya.

Nilirudi mwenyewe. Mzee wa reli alinyamaza siku kadhaa, halafu akaanza kuniulizia nyuzi, jioni hadi jioni, kama mtu anayefuatilia matokeo ya mpira.

Daktari aliyepangwa kunipima alinitazama muda mfupi kuliko muda nilioutumia kukaa kitini. Hakuwa na rula. Aliniambia nifungue nifunge, akaandika asilimia 4. Shilingi 63,360. Nililia njiani, Jogoo Road nzima, nikiwaza ile 20 ya majirani.

Sheria inakupa siku 60 za kupinga uamuzi wa Mkurugenzi. Dada wa fizio aliandika ripoti ya kurasa tatu: kila kifundo, kila tarehe, kilo za kushika kuanzia 3 hadi 14, na kile nisichoweza kufanya bado. Hapo ndipo tulipogonga ukuta. Ile fomu ya madai ina mahali pa daktari kuweka saini. Pa mtaalamu wa viungo hakuna. Mtu aliyeushika mkono wangu mara zaidi ya arobaini, neno lake lilihitaji kubebwa ndani ya bahasha ya mtu mwingine. Tulimpata daktari wa pili, mwanamke mvumilivu, aliyeisoma ripoti mstari kwa mstari, akarudia kupima mwenyewe, akaiambatisha. Asilimia ikawa 9. Shilingi 142,560, nazo zililipwa, baada ya safari nyingi ambazo sitaki kuzisimulia.

Ukuta ule ule ulikuwa kiwandani. Dada aliniandikia barua ya kurudi kazini: wiki sita za kwanza nisiinue zaidi ya kilo 3, nisikae kwenye mashine ya kubana, nipumzishe mkono dakika kumi kila saa. Ilikuwa barua bora kuliko zote nilizopewa, kwa kuwa ilisema ninachoweza. Ofisi ya wafanyakazi iliigeuza geuza. "Hii si ya daktari." Siku mbili baadaye niliirudisha ikiwa na muhuri wa daktari ambaye hakuugusa mkono wangu hata mara moja, ikakubaliwa.

Dada aliniambia kwamba Uingereza, tangu Julai 2022, wataalamu wa viungo wanaruhusiwa kusaini wenyewe cheti cha kumwambia mwajiri mgonjwa anaweza kazi gani. Na hapa jirani, Tanzania, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi umeweka utengamao, yaani kumrejesha aliyeumia kwenye uwezo wake, miongoni mwa mafao yake, pamoja na matibabu na malipo ya ulemavu. Utengamao. Nililipenda neno hilo niliposikia, kwa sababu ndilo hasa nililokuwa nikilitafuta tangu siku ya kufuli. Sidhani tunaomba makubwa. Mtu akiumia Eneo la Viwanda leo, apelekwe fizio wiki hiyo hiyo, kwa gharama ya yule yule anayelipia plasta. Ripoti ya fizio ihesabiwe kama ushahidi. Na mtu asiwekwe tena pale nilipowekwa mimi, achague kati ya vidole vyake na karo ya mtoto.

Nilirudi kazini Mei 2023, meza ya ukaguzi. Kinga ilikuwa imerudishwa kwenye mashine, kwa boliti nne. Nilizihesabu.

Kidole cha kati hakifiki kiganjani hadi leo. Panabaki nafasi ya penseli. Julai, baridi ikiingia, nauweka mkono kwapani kwanza kabla ya kushika kufuli. Lakini nafungua mwenyewe.

Ploti ya nyuma yetu kuna kijana mfua vyuma wa Kamukunji. Mwaka jana patasi ilimteleza ikamkata kano ya kidole cha shahada. Yeye hana mwajiri, hana bima ya kazini, hana wa kumdai, WIBA haimjui. Nilimpeleka mimi kwa dada wa fizio, na jioni huja kibarazani kwangu na beseni lake. Simtibu, sijasomea. Namhesabia tu: kunja, shikilia, moja, mbili, hadi kumi. Daftari langu lilikuwa na kurasa zilizobaki, nikampa. Mzee wa reli amekwisha kuleta kigoda, anangoja kusomewa namba.